Simu ya Afya: Nani Inamfikia, Nani Inampita?



Tangu zamani, kijiji kikipata hatari usiku, sisi watu wa Usukumani tunapiga mwano. Mwano ni yowe la kuomba msaada. Anayelisikia haulizi kwanza ni la nani. Anachukua fimbo yake anatoka. Sungusungu walipoanza huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliutumia mwano huo huo kukusanya watu ili kuwafuata wezi wa ng'ombe.

Mwano una sifa tatu. Kwanza, hauna bei. Pili, haubagui mzee wala kijana. Tatu, hauhitaji mtu awe anajua kusoma.

Siku hizi tuna mwano mwingine, nao umo ndani ya simu. Mama mjamzito akizidiwa usiku, watu wa nyumbani wanaweza kupiga namba 115 kuomba gari. Mtu akiwa na swali la afya, anaweza kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya, namba iliyojulikana sana wakati wa Korona mwaka 2020. Zahanati nazo huchukua namba za simu za wagonjwa ili waweze kuwafuatilia. Yote haya ni mambo mazuri.

Lakini tujiulize. Je, mwano huu wa simu unamfikia kila mtu? Haumfikii. Unamfikia mmoja, unampita mwingine. Katika nyumba moja yenye simu, bibi anaweza kuikosa huduma, mama akaikosa, na kijana naye akaikosa. Kila mmoja anaikosa kwa sababu yake.

Katika makala hii tutaeleza vikwazo hivyo kwa kila umri. Halafu tutaona tufanye nini. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,977,608 mkoani Geita na 2,241,299 mkoani Shinyanga. Hao ni zaidi ya milioni 5, na wengi wao wanaishi vijijini, mbali na hospitali kubwa. Kwa hiyo jambo hili siyo dogo.

HUDUMA YA 115 INAFANYAJE KAZI?

Tuanze na mfano mmoja tunaoujua vizuri, kwa sababu ulianzia huku huku kwetu. Huduma hiyo inaitwa m-mama. Ilijaribiwa kwanza katika kanda yetu, Sengerema na Shinyanga. Baadaye, Aprili 2022, Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua ili ienee nchi nzima.

Kazi yake ni hii. Mtu anapiga 115. Simu hiyo ni ya bure. Hata kama huna salio, inaita. Anayepokea ni mtaalamu aliye katika kituo cha kuratibu. Anauliza mgonjwa yuko wapi na ana dalili gani. Anaandika majibu katika kompyuta yake. Kisha anatafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Gari la wagonjwa likikosekana, anampigia dereva wa kawaida wa eneo hilo, ambaye ameandikishwa kwa kazi hiyo. Dereva anampeleka mgonjwa katika kituo cha afya kinachoweza kumhudumia. Akishafika, dereva analipwa kwa njia ya simu. Mgonjwa halipi nauli.

Huduma hii ni kwa ajili ya mama mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga.

Kwa nini gari lina maana kubwa hivi? Wataalamu wanasema mama mzazi hupoteza maisha kwa sababu ya kuchelewa kwa aina tatu. Kuchelewa kwa kwanza ni nyumbani: watu hawajaamua kwenda hospitali. Kuchelewa kwa pili ni njiani: hakuna usafiri. Kuchelewa kwa tatu ni hospitalini: mgonjwa amefika lakini hajahudumiwa. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa chache, hata kama asubuhi alikuwa mzima kabisa.

Sasa angalieni vizuri, ndugu zetu. Namba 115 inatibu kuchelewa kwa pili. Inaleta gari. Lakini gari haliji mpaka mtu apige simu. Kupiga simu kunatoka katika kuchelewa kwa kwanza, ambako kuko nyumbani kwetu. Na huko nyumbani ndiko vikwazo vilipojificha. Tuvitazame kimoja kimoja.

VIKWAZO VYA WAZEE

Mzee ndiye anayehitaji zahanati mara nyingi zaidi. Ana presha. Pengine ana sukari. Dawa zake ni za kila siku, na tarehe za kurudi kliniki ni nyingi. Ujumbe wa simu wa kumkumbusha tarehe ungemfaa sana. Kwa nini basi simu inampita?

Macho: Maandishi ya simu ndogo ni madogo. Mzee anashika simu mbali, anaisogeza karibu, bado haoni. Huyu si kwamba hajui kusoma. Anasoma gazeti hili lenye herufi kubwa. Tatizo lake ni miwani.

Haraka ya mashine: Jambo hili linatuhusu sisi wote tuliojifunza kusoma ukubwani. Kuna huduma za simu zinazoanza kwa nyota na kumalizika kwa reli. Ukibonyeza, yanatokea maneno: chagua 1, chagua 2, chagua 3. Unaanza kusoma polepole, neno kwa neno. Kabla hujamaliza, maneno yanatoweka. Unaanza tena, yanatoweka tena. Mwishowe unasema, "Mimi mjinga, haya ni mambo ya watoto." Hapana! Wewe si mjinga. Mashine hiyo imepangiwa muda mfupi, na aliyeipanga hakumfikiria msomaji wa polepole. Ujumbe mfupi, yaani meseji, hautoweki. Unabaki katika simu. Unaweza kuusoma leo, ukaurudia kesho.

Lugha: Wazee wetu wengi wanaeleza ugonjwa wao vizuri kwa Kisukuma. Ukiwaambia waueleze kwa Kiswahili cha kwenye simu, wanakata maneno, wanaacha jambo kubwa.

Laini: Tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha NIDA. Mikono iliyoshika jembe miaka 50 imechakaa. Wakati mwingine mashine haizisomi alama zake. Wengine kitambulisho kilichelewa. Basi mzee anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtoto wake. Mtoto akihama, au akiichukua laini yake, mzee anapotea katika daftari la zahanati.

Matapeli: Nani hajapata meseji ile ya "ile hela tuma kwenye namba hii"? Wazee wengi wameibiwa hivyo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sasa mzee akipigiwa na muuguzi wa kweli anayeuliza jina lake na umri wake, anakata simu. Hatuwezi kumlaumu. Amejifunza kujilinda.

Aibu: Mzee ana ugonjwa ambao hataki mjukuu wake aujue. Lakini mjukuu ndiye msomaji wa meseji zake. Kwa hiyo mzee anachagua kukaa kimya. Anaona heri maumivu kuliko fedheha.

VIKWAZO VYA AKINA MAMA

Wengine watadhani mama wa miaka 25 au 30 hana shida na simu. Macho yake ni mazima. Amesoma shule ya msingi. Kumbe kikwazo chake kikubwa siyo kubonyeza. Kikwazo ni kwamba simu siyo yake.

Katika nyumba nyingi simu ni moja, nayo inatembea na baba. Baba yuko Nyarugusu au Mgusu kwenye machimbo. Au amekwenda mnadani. Au amehama na mifugo kutafuta malisho. Mama amebaki na ujauzito wa miezi minane, na simu iko mbali kilometa 40.

Mwaka 2012 Wizara ya Afya na wenzake walianzisha mpango ulioitwa Wazazi Nipendeni. Mtu alituma neno MTOTO kwenda namba 15001, bure. Kisha alipata meseji za bure zinazolingana na umri wa mimba: lini kwenda kliniki, dalili gani ni za hatari, mtoto mchanga atunzwe vipi. Waliopanga mpango ule walitumia akili nzuri. Hawakumwandikisha mama peke yake. Walimruhusu baba na msaidizi mwingine pia waandikishwe. Walielewa kwamba meseji humfikia mwenye simu, si mwenye mimba.

Tena kuna chaji. Kijiji kikikosa umeme, simu inapelekwa kwenye kibanda cha sola. Inalala huko, inalipiwa. Usiku ule simu iko kibandani, mama hana mwano.

Tena kuna mtandao. Vipo vitongoji ambako lazima upande juu ya kichuguu au juu ya jiwe ndipo simu ishike mtandao. Mtu anayetokwa damu hawezi kupanda jiwe.

Tena kuna wivu. Meseji inaingia saa 3 usiku. Mume anauliza, "Nani huyo anakuandikia?" Mama anaona heri namba yake isijulikane zahanati kuliko kugombana nyumbani. Ndugu zetu wanaume, hapa tuseme kweli. Tukimnyang'anya mama simu kwa wivu, tunamnyang'anya pia gari la hospitali.

Mwisho kuna ruhusa. Hata simu ikiwepo, mama wengi hawawezi kuamua kwenda hospitali mpaka baba au mama mkwe aseme. Baba hapatikani. Mama mkwe anasema, "Subirini, hata mimi nilizaa hivyo." Saa zinakwenda. Hicho ndicho kile kuchelewa kwa kwanza.

VIKWAZO VYA VIJANA

Haya, na vijana je? Hao wana simu za kupapasa. Vidole vyao ni vyepesi. Wanajua bando la usiku na bando la wiki. Tungetegemea wao wapate huduma ya afya ya simu kuliko wote. Sivyo ilivyo.

Mtazame kijana mchimbaji. Anashuka kwenye duara, anavuta vumbi la mawe. Anafanya kazi kwenye karasha, anavuta vumbi hilo hilo. Vumbi hilo laini huingia kwenye mapafu na kuyafanya magumu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Hautibiki ukaisha. Tena mapafu yaliyoharibika hivyo hushikwa kwa urahisi na kifua kikuu. Kifua kikuu kinatibika, na dawa zake hutolewa bure, lakini matibabu ya kawaida huchukua miezi 6.

Miezi 6! Kijana wa machimboni hakai mahali pamoja miezi 6. Akisikia kuna rashi Kahama, anahama leo. Akisikia dhahabu imetoka Mbogwe, anahama kesho. Simu imeanguka ndani ya duara. Au duara halikutoa kitu, ameiuza simu apate chakula. Ananunua laini nyingine. Muuguzi anapiga namba iliyo kwenye daftari. Anajibiwa na mashine kwamba namba haipatikani. Mgonjwa ameacha dawa katikati. Kifua kikuu kinarudi, tena kikiwa sugu, na wenzake anaolala nao hemani nao wako katika hatari. Kijana huyu anajua simu sana. Kikwazo chake ni kwamba namba yake haikai.

Mtazame sasa binti wa miaka 16 au 17. Ana maswali juu ya mwili wake. Anaogopa kumwuliza mama. Anaogopa kwenda zahanati, maana muuguzi ni jirani yao. Simu ingekuwa mahali pazuri pa kuuliza kwa siri. Lakini simu anayotumia ni ya kaka, au ya shangazi. Akiuliza, maandishi yanabaki. Mwenye simu atayasoma.

Na wapo vijana wenye simu na bando, lakini wanapata elimu mbovu. Wanaona video ya mtu aliyevaa koti jeupe anauza dawa ya kutibu magonjwa 20 kwa chupa moja. Koti jeupe si cheti cha udaktari. Mzee anaikataa simu hata ikisema kweli. Kijana anaiamini simu hata ikisema uongo. Wote wawili wanaumia.

HATA ZAHANATI INA VIKWAZO

Tusiseme kwamba tatizo ni la wanakijiji peke yao. Siku hizi wahudumu wa afya nao hutumia simu na vishikwambi kuandika habari za wagonjwa. Mtandao ukikata, muuguzi anaandika kwenye daftari kwanza, halafu anarudia kuandika kwenye mashine. Kazi moja anaifanya mara mbili, na foleni nje inaongezeka. Muuguzi aliyezoea karatasi miaka 30 anahitaji naye kufundishwa bila kudharauliwa.

REDIO YA MWAKA 1973 ITUFUNDISHE

Sasa tukumbuke jambo moja. Hii siyo mara ya kwanza chombo kipya kuletwa kijijini kwa ajili ya afya.

Kati ya mwaka 1968 na 1973 Serikali pamoja na UNESCO waliendesha mradi wa kisomo katika mikoa ya Ziwa, makao yake yakiwa Mwanza. Shinyanga ilikuwemo. Watu wazima wengi wa huku walishika kalamu kwa mara ya kwanza wakati ule. Halafu mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Chombo chake kilikuwa redio. Watu karibu milioni 2 nchini walishiriki.

Redio wakati ule zilikuwa chache kijijini. Wengi hawakuwa nazo. Wengi walikuwa hawajui kusoma vizuri. Basi kwa nini kampeni ile ilifika kwa watu wengi hivyo? Kwa sababu watu hawakuachwa kila mtu na lake. Walikaa vikundi. Walisikiliza redio pamoja. Kiongozi wa kikundi alisoma kijitabu, wengine wakasikiliza. Wakajadiliana. Asiyeelewa akauliza. Kisha wakainuka wakachimba vyoo, wakafyeka nyasi na kufukia madimbwi ya mbu. Mzee alikuwepo, mama alikuwepo na kijana alikuwepo.

Simu imekuja kwa njia nyingine. Inaingia mfukoni mwa mtu mmoja. Anaifungua peke yake, kwa namba yake ya siri. Hakuna kikundi, kiongozi wala kijitabu. Asiyeelewa hana wa kumwuliza. Hapo ndipo tofauti ilipo. Simu ni ya mtu mmoja, lakini ugonjwa ni wa nyumba nzima.

Tukitazama tena vikwazo tulivyovieleza, tutaona jambo la ajabu. Anachokosa mmoja, mwingine anacho. Mzee hana macho ya kusoma meseji, lakini ana neno linalosikilizwa nyumbani. Akisema, "Mpelekeni hospitali," mtu anapelekwa. Mama hana simu, lakini ndiye anayezijua dalili za mwili wake na za mtoto wake. Kijana hazijui dalili, lakini ana simu, ana vidole, na anajua kuutafuta mtandao. Kidole kimoja hakivunji chawa. Vidole hivi vitatu vikikutana, gari linakuja.

TUFANYE NINI?

Katika kila nyumba, na katika kila kikundi cha kisomo, tunaweza kufanya mambo haya bila kungoja mgeni kutoka mjini.

1. Tuandike namba ukutani. Tuchukue mkaa au chokaa, tuandike 115 kwa tarakimu kubwa karibu na mlango. Chini yake tuandike namba ya zahanati yetu. Namba iliyo ukutani haipotei hata simu ikiibiwa.

2. Tupange simu ya usiku. Nyumba yenye mama mjamzito wa miezi ya mwisho ikubaliane na majirani wawili. Simu ya nani itakuwa na chaji usiku? Mtandao unashika wapi? Baba akisafiri, aache ruhusa yake kabla hajaondoka. Aseme mbele ya mama mkwe na jirani: "Akizidiwa, msiningoje mimi."

3. Tujifunze maneno manne ya kusema. Anayepiga 115 awe tayari kusema: mgonjwa ni nani, yuko kijiji na kitongoji gani, karibu na shule gani au kisima gani, mimba ni ya miezi mingapi, au amejifungua lini, na ana dalili gani. Tuyafanyie mazoezi kwa mdomo katika kikundi. Lakini tusiipige namba yenyewe kwa majaribio wala kwa mchezo. Anayecheza na 115 anamzibia njia mama wa kijiji kingine.

4. Tuzijue dalili za hatari. Kwa mama mjamzito ni kutokwa damu, kuumwa kichwa sana na kuona ukungu, kifafa, kuvimba uso na mikono, homa kali, maji kutoka kabla ya wakati, na mtoto kuacha kucheza tumboni. Kwa aliyejifungua ni damu nyingi, homa, na kifafa. Kwa mtoto mchanga ni kushindwa kunyonya, kupumua kwa shida, joto kali au mwili kuwa wa baridi, na degedege. Ukiona hata moja, usingoje ya pili.

5. Tuchague msomaji wa kuaminika. Mzee na achague mwenyewe nani atamsomea meseji zake. Siyo lazima awe mjukuu. Anaweza kuwa rafiki wa rika lake au mhudumu wa afya wa kitongoji. Naye anayesoma ajue kwamba amepewa amana. Habari za ugonjwa wa mtu si za kusimulia kilabuni. Hata sheria inazilinda: ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

6. Tujue laini ni ya nani. Ukibonyeza *106# utapata njia ya kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama laini unayotumia si ya jina lako, waambie zahanati, na uwape namba nyingine ya ndugu asiyehama.

7. Mchimbaji aache namba mbili. Anayetumia dawa za kifua kikuu aache namba yake na ya mtu wa nyumbani. Akitaka kuhama, aage zahanati kwanza. Ataandikiwa barua ya kuendelea na dawa huko aendako. Kuaga ni dakika chache. Kuanza dawa upya ni miezi mingi.

8. Tuwatambue matapeli. Zahanati haina haja ya namba yako ya siri ya pesa. Anayeiuliza ni mwizi, hata akisema jina lako kwa upole. Meseji za utapeli zinapokelewa kwa namba 15040. Ukiwa na shaka na anayepiga, kata simu, kisha piga wewe mwenyewe ile namba ya zahanati iliyo ukutani kwako.

9. Tuwatumie wahudumu wa afya wa jamii. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano. Kama yuko mmoja kitongojini kwenu, mwalikeni kikundini aje na simu yake. Mwambieni aeleze polepole, kwa lugha ya nyumbani, na kila mtu aishike simu kwa mkono wake.

NENO KWA WATENGENEZAJI WA HUDUMA

Tunataka pia kusema neno kwa wanaotengeneza huduma hizi huko mijini. Waje kwanza vijijini kabla hawajatengeneza. Waweke sauti, si maandishi tu, maana sauti inamfikia asiyeona vizuri na asiyesoma. Waweke Kisukuma pale Kiswahili kinaposhindwa. Wawaongezee muda wasomaji wa polepole. Na wasiifute njia ya zamani. Asiye na simu apokewe zahanati sawasawa na mwenye simu.

Nasi tusikae tukingoja. Mwano wa zamani ulifanya kazi kwa sababu kila aliyesikia alitoka. Simu inaweza kuita usiku kucha kama kila mmoja nyumbani anasema siyo yangu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kitongoji chetu, ni nyumba ngapi ambazo simu huondoka na baba? Usiku wa hatari nyumba hizo zinaomba msaada kwa nani?

2. Kuchelewa kwa aina tatu ni kupi? Kupi kumewahi kutokea kijijini kwetu?

3. Mtandao unashika wapi usiku? Nani anaweza kufika hapo kwa haraka?

4. Mzee asiyetaka mjukuu asome meseji zake, tumsaidie vipi bila kumvunjia heshima?

5. Kazi ya kufanya nyumbani: kabla ya mkutano ujao, kila mwanakikundi aandike namba 115 na ya zahanati ukutani kwake. Tukikutana tena, kila mtu aseme ameziandika wapi, na nani nyumbani kwake anaweza kuzisoma.